Storey, mtu aliyemwinda adui wa muhogo bila kumwona

UKIMUULIZA mkazi wa Shinyanga ni mgeni gani wa zamani aliyeacha alama katika mkoa wake, atakutajia haraka Dk. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Ukimtajia Harold Haydon Storey, huenda akakuuliza anachezea timu gani.

Hata hivyo, kwa mkulima wa Kahama au Geita mwenye ekari mbili za muhogo na moja ya mahindi, Storey ana maana kubwa kuliko Williamson. Almasi ya Mwadui haijawahi kuingia katika sufuria ya mkulima huyo. Muhogo wake huingia kila siku. Storey ndiye mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta kinachoharibu muhogo, mahindi na karanga za Afrika Mashariki.

Miongoni mwa wataalamu wa magonjwa ya mimea jina lake ni maarufu duniani kote. Kwa wakulima wenyewe halisikiki, ingawa kazi yake ilifanyika hapa hapa Tanzania, katika milima ya Usambara Mashariki.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya mtu huyo, na sababu ya mkulima wa leo kujali.

Azaliwa mwaka wa ugonjwa

Storey, raia wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1894. Mwaka huo huo Mjerumani aitwaye Otto Warburg aliandika kwa mara ya kwanza kuhusu ugonjwa wa ajabu wa muhogo huko Usambara. Majani yalijikunja, yakawa na mabaka ya njano na kijani, na mmea ukadumaa. Ndio ugonjwa ambao leo wakulima wa Kanda ya Ziwa wanauita batobato.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, katika milima hiyo hiyo. Mtaalamu wao Zimmermann aliandika mwaka 1906 kwamba huenda ugonjwa huo unaletwa na virusi. Ilikuwa dhana tu. Hakuna aliyekuwa amemwona mdudu wala njia anayopitia.

Wakati huo neno virusi lilimaanisha kitu kidogo mno kisichoonekana kwa hadubini ya kawaida. Ukungu unaonekana. Bakteria wanaonekana. Virusi havikuonekana, na ndiyo maana baadhi ya watu walilaumu udongo, mvua au uchovu wa mbegu.

Milia ya mahindi

Storey alianza kazi hiyo Afrika Kusini katika miaka ya 1920, mjini Durban. Huko wakulima walikuwa wakilalamikia mahindi yanayotoa milia myembamba ya njano inayofuata urefu wa jani. Mche ukipata ugonjwa mapema hauzai, au unatoa gunzi dogo lisilo na punje za maana. Mkulima wa Shinyanga anaufahamu vizuri, hasa pale anapochelewa kupanda.

Storey hakuwa na namna ya kuiona virusi hiyo. Kwa hiyo alimtafuta anayeibeba. Alikusanya wadudu wanaofyonza majani ya mahindi, akawaweka kwenye miche migonjwa, kisha akawahamishia kwenye miche mizima iliyofunikwa ili mdudu mwingine asiingie.

Mdudu mmoja mdogo, mrukaji, mwenye urefu wa milimita chache tu, ndiye aliyethibitika kuwa msambazaji. Mwaka 1925 Storey alichapisha matokeo hayo. Mdudu huyo kwa sasa anaitwa Cicadulina mbila, na sehemu ya pili ya jina lake inafanana na umbila, yaani mahindi kwa Kizulu.

Mwaka 1928, akishirikiana na mwenzake Bottomley, alichapisha utafiti mwingine kuhusu karanga. Walionyesha kwamba rozeti, ugonjwa unaofanya mkaranga udumae na kujikusanya kama ua, unaenezwa na vidukari.

Afika Amani

Mwaka 1928 Storey alihamia Amani, ambako Waingereza walikuwa wamekifufua kituo cha Wajerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Alikuwa na umri wa miaka 34. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyompa jina.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: kwa nini baadhi ya wale wadudu warukaji wanaambukiza ugonjwa na wengine hawaambukizi, ingawa wote wamelishwa jani moja?

Alifanya kama anavyofanya mfugaji wa Kisukuma anayechagua madume ya zizi lake. Aliwatenga wadudu wenye uwezo na wasio na uwezo, akawapandisha, akafuatilia watoto na wajukuu. Mwaka 1932 alitangaza kwamba uwezo huo unarithiwa. Dume mwenye uwezo akipandana na jike asiye nao, watoto wa kike walipata uwezo na wa kiume hawakuupata.

Mwaka uliofuata alikwenda mbele zaidi. Alichukua wadudu wasioweza kuambukiza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba sana. Wadudu wale wale wakaanza kuambukiza.

Maana yake ilikuwa wazi. Virusi humezwa pamoja na utomvu wa jani. Kwa mdudu mwenye uwezo, virusi hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu ya mdudu na kufika kwenye mate, kisha hutoka na mate hayo mdudu anapofyonza mche mwingine. Kwa asiye na uwezo, ukuta wa utumbo ni kama geti la mgodi lililofungwa. Sindano ya Storey ilifungua geti.

Fikiria, msomaji, mtu anayetoboa utumbo wa mdudu mwenye ukubwa wa punje ya mchele, katika kituo cha milimani, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Kazi ya namna hiyo ilihitaji pia mikono ya wasaidizi Waafrika wa Amani waliotunza miche na vizimba vya wadudu. Majina yao hayamo katika vichwa vya machapisho, ambako tunasoma majina ya Storey na Waingereza wenzake peke yake.

Muhogo na inzi weupe

Katika miaka hiyo ya 1930 mgodi wa Geita ulianzishwa, ukawa mkubwa katika Afrika Mashariki hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wachimbaji walihitaji chakula. Aidha, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwasukuma wakulima wa Usukumani na kwingineko kupanda muhogo kama akiba ya njaa, kwa kuwa unavumilia ukame na unaweza kubaki ardhini.

Lakini akiba hiyo ilikuwa ikiliwa na batobato. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waliichunguza Amani, na mwaka 1938 walichapisha utafiti wao mkubwa kuhusu ugonjwa huo.

Walionyesha mambo matatu ambayo mkulima anayahitaji hadi leo. Kwanza, msambazaji ni inzi weupe, wale wadogo wanaokaa chini ya jani na kuruka kama vumbi ukitikisa mmea. Pili, inzi hao hufanikiwa kuambukiza majani machanga yanayoendelea kukua, si yale yaliyokomaa. Tatu, ugonjwa una aina zaidi ya moja, nyingine nyepesi na nyingine kali.

Juu ya hayo kulikuwa na jambo ambalo lilihitaji macho tu, bila maabara. Muhogo hupandwa kwa pingili. Pingili ikitoka katika mmea mgonjwa, mche huzaliwa na ugonjwa. Inzi anaweza kuambukiza mmea mmoja mmoja, lakini mkulima anayebeba mzigo wa pingili kwenye baiskeli anahamisha shamba zima la ugonjwa kwa safari moja.

Kutafuta mbegu ngumu

Kazi ya pili ilikuwa kutafuta mbegu inayostahimili. Wataalamu wa Amani waliagiza aina nyingi za muhogo kutoka nchi mbalimbali. Zote ziliugua, baadhi kidogo na nyingine sana.

Ndipo walipoamua kuuchanganya muhogo na ndugu zake wa porini, hasa mti wa mpira wa Ceara, ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi nchini. Machotara wa kwanza walistahimili ugonjwa lakini mizizi yao haikuwa ya kuliwa. Wakawapandisha tena na tena na muhogo wa kawaida hadi mizizi ikaboreka na ukinzani ukabaki.

Storey aliianzisha kazi hiyo, Nichols akaiendesha, na katika miaka ya 1950 ikashikwa na D. L. Jennings. Mmoja wa machotara hao, unaoitwa Kaleso pwani ya Kenya na Namikonga huku kwetu, bado unatumiwa na wataalamu kutafuta ukinzani.

Mbegu ya chotara mwingine wa Amani ilipelekwa Nigeria. Huko watafiti waliitumia kutoa aina mpya, ambazo ziliendelezwa katika kituo cha kimataifa cha Ibadan. Mojawapo ya aina hizo ilirudi Afrika Mashariki na kupandwa Uganda kwa jina la Migyera.

Kilichotoka Usambara kilizunguka bara na kurejea karibu na Ziwa Victoria. Na kilirejea wakati kinahitajika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilifyeka mihogo ya Uganda, ikaingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ikaendelea kushuka kusini mwa ziwa. Wakulima wengi wa Geita wanakumbuka miaka ambayo shamba zima lilibaki vijiti.

Kulwa na Doto ndani ya seli

Storey alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza mwaka 1946, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa nchi hiyo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia utafiti ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, chini ya shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki. Storey aliendelea na mahindi. Mwaka 1967, pamoja na Howland, alichapisha utafiti unaoonyesha jinsi ukinzani wa mahindi dhidi ya milia unavyorithiwa.

Alifariki mwaka 1969. Alikuwa ameifuata virusi ya milia kwa zaidi ya miaka 40, na alifariki kabla umbo lake halijajulikana.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1974, watafiti wa Muguga, Bock na Guthrie, wakishirikiana na Woods, walitangaza kwamba wameisafisha virusi ya milia ya mahindi na kuitazama kwa hadubini ya elektroni. Kilichoonekana kiliwashangaza. Chembe zake zilikuwa mbili mbili, zimeungana ubavu kwa ubavu.

Virusi ya batobato nayo ikaonekana kuwa na umbo hilo. Kundi hilo likapewa jina la jeminivirusi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mapacha. Kama jina lingetolewa na Msukuma, bila shaka zingeitwa Kulwa na Doto.

Chembe moja ya mapacha hao ina urefu wa takriban milimita moja igawanywe kwa 30,000. Ndani yake mna uzi wa vinasaba uliofungwa kama pete. Ikishaingia ndani ya seli ya jani, pete hiyo huenda kwenye kiini cha seli, mahali ambapo mmea wenyewe huhifadhi maagizo yake ya kukua. Hapo virusi huilazimisha seli itengeneze virusi badala ya kufanya kazi ya mmea.

Katika seli za mahindi yenye milia, hadubini huonyesha chembe hizo zimejaa ndani ya kiini, zimepangwa safu kwa safu kama matofali kwenye tanuri. Sehemu hizo za jani hushindwa kutengeneza kijani cha kutosha. Milia ya njano unayoiona shambani ni njia ambayo mapacha hao wamepita.

Ndiyo maana hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mmea ulioambukizwa. Virusi imo ndani ya kiini cha seli. Anayekuuzia chupa mnadani akisema inatibu batobato anakuuzia maji ya bei ghali.

Ugonjwa aliouacha pwani

Kuna ugonjwa mwingine ambao Storey aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936, nao ni michirizi ya kahawia ya muhogo. Aliutofautisha na batobato kwa kutazama tu dalili.

Huu ni mjanja zaidi. Majani ya juu yanaweza kuonekana mazuri kabisa. Njano hujitokeza kwenye majani ya chini, kando ya mishipa midogo. Shina linaweza kuwa na michirizi ya kahawia. Hasara yenyewe imejificha ardhini, kwa kuwa mzizi huoza ndani ukawa na mabaka makavu ya kahawia usiofaa kwa makopa wala kwa ugali.

Ilichukua miaka 65, hadi mwaka 2001, kwa wanasayansi kuitambua virusi inayohusika. Hii si pacha. Ni uzi mrefu mwembamba, haukai kwenye kiini cha seli bali katika ute unaokizunguka. Hadubini huonyesha humo maumbo yanayofanana na gurudumu la karatasi ambalo watoto hulikimbiza lizungushwe na upepo.

Kwa miongo mingi michirizi ya kahawia iliaminika kuwa ugonjwa wa pwani na maeneo yaliyo chini ya mita 1,000. Shinyanga na Geita, ambazo ziko juu ya hapo, hazikuwa na hofu. Lakini mwaka 2004 ulionekana Uganda katika maeneo ya juu, na katika miaka iliyofuata ukaenea Kanda ya Ziwa.

Mkulima anachoweza kufanya

Maisha ya Storey yanamfundisha mkulima kwamba adui asiyeonekana anaweza kufuatwa kwa nyayo zake. Storey hakuiona virusi, lakini aliangalia dalili, akamjua mbebaji, akachagua mbegu. Hayo matatu hayahitaji hadubini.

Unapochagua pingili, tembea shambani mimea ikiwa bado na majani. Angalia majani machanga ya juu kwa ajili ya batobato. Kisha inama, uangalie majani ya chini na shina kwa ajili ya michirizi ya kahawia.

Usiishie hapo. Ng'oa mzizi wa mmea unaotaka kuchukua pingili na uukate vipande vipande kwa kisu. Ukiona baka la kahawia, mmea huo usiupande tena, hata kama majani yake yanapendeza.

Miche inayoonyesha ugonjwa katika miezi ya kwanza ing'olewe mapema, kabla inzi weupe hawajaufanya kuwa ghala lao. Kwa mahindi, panda mvua za mwanzo na uulizie aina zinazostahimili milia, kama Staha na TMV-1. Karanga zipandwe mapema na kwa kubanana, kwa kuwa vidukari hupenda shamba lenye nafasi wazi.

Kwa mfanyabiashara anayenunua pingili sehemu moja na kuziuza nyingine, tahadhari ni kubwa zaidi. Mzigo wako mmoja unaweza kuharibu kijiji. Pingili zinazofaa zipatikane kwa wazalishaji waliothibitishwa na TOSCI, au kwa kuuliza kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru, ambacho ndicho kilicho karibu na wakulima wa Shinyanga na Geita.

Dhahabu ya Geita ina walinzi, uzio na mizani. Muhogo unaomlisha mchimbaji wa Nyarugusu na mama lishe wa Katoro hauna mlinzi ila mkulima mwenye kisu mkononi, anayekata mzizi na kuutazama kabla ya kukata pingili.